Mtama Usipande Lori: Jinsi ya Kuanzisha Ghala la Nafaka la Kijiji

Mbukwenyi!

Nimetunza ghala la kikundi chetu miaka 11. Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Dodoma kwenda Iringa, ukishaipita Mlowa, kule ambako lori la mnunuzi wa mtama likisimama mwezi wa saba watoto wanalikimbilia kabla dereva hajazima injini. Mimi ni mama wa funguo. Si funguo zote, ni mmoja kati ya mitatu, na nitaeleza mbele kwa nini ni mitatu. Kila mwaka wananijia watu, wengine kutoka Bahi, wengine Kongwa, mmoja alitoka Manyoni kwa pikipiki mpaka akafika hana sauti kwa vumbi, wote wakiuliza jambo moja: mlianzaje? Nimechoka kurudia kwa mdomo, sasa naandika.

Hesabu matumbo kwanza

Wengi wanaanza na katiba na mhuri. Mhuri utakuja. Anzeni na matumbo.

Nyumba ya watu sita kwetu inakula debe moja kwa wiki, ugali na uji pamoja, kama hakuna msiba wala mgeni aliyekuja kukaa. Debe la mtama mkavu ni kama kilo 18. Njaa yetu inaonekana kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili, yaani wiki 16 au 17, kabla mtama mpya haujakomaa. Mwezi wa tatu mboga zimeshatoka, maboga na majani ya kunde yanasaidia, lakini mboga bila ugali ni kumdanganya mtoto. Kwa hiyo nyumba moja inahitaji kilo 300 za kuvukia, magunia matatu ya kilo 100. Sisi tulianza kaya 35. Tukazidisha: magunia 105. Ile namba tuliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, na ilikaa pale mpaka mvua ikaifuta.

Fanyeni hivyo hivyo. Nendeni nyumba kwa nyumba, hesabuni walaji, msihesabu heka. Mwenye heka kumi na mwenye nusu heka wote wana tumbo moja moja.

Halafu ulizaneni njaa inaanza lini. Kijana wa ofisini atakujibu Januari. Mimi nasema inaanza Julai. Julai mtama umejaa uani, na siku zile zile deni la duka linadaiwa, mtoto anataka sare, kuna harusi, na lori liko barabarani. Unauza. Januari unakwenda dukani kununua mtama kwa bei mara mbili, na ukiuangalia vizuri unaweza kukuta ni ule ule wako, umekwenda mjini ukatembea na kurudi.

Bibi yangu alizaliwa baada ya Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920. Alikuwa akituambia alivyosimuliwa na mama yake: kabla mvua haijakataa, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalikuwa yameshapita yakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulikuta vihenge vitupu. Ndiyo maana kwenye kikao cha kwanza mtu akisema "tuombe mvua tu", mimi namwambia tuombe, lakini na kihenge tukiangalie.

Mizani kabla ya ghala

Kitu cha kwanza tulichonunua ni mizani. Ghala lilikuja baadaye. Mwaka wa kwanza tuliazima chumba.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuuza madebe kumi ya mtama kwa mnunuzi mmoja aliyekuja na debe lake. Debe lilikuwa zuri, limepakwa rangi. Walipoondoka, mume wangu akakuta ndani ya nyumba gunia ambalo tulijua lina madebe sita, sasa limetoa matano tu. Kesho yake yule mnunuzi alikuwa kwa jirani, nikaenda kuliangalia debe kwa karibu. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa ndani kikavimba kwa nje kama tumbo la chura, na mbavu zake zimesukumwa. Kila debe lilikuwa linakula kama sado nzima, yaani sehemu ya tano ya debe, bila malipo. Na huyo ni wa debe; wa lumbesa anashonea kofia juu ya gunia, analiita gunia moja, na wewe unapakia kilo 120 au zaidi kwa bei ya 100. Sheria imekataza kufungasha zaidi ya kilo 100, na kila mtu anajua, na kofia zinaendelea kushonwa.

Nunueni mizani ya kuweka chini inayobeba kilo 150 au zaidi. Iwe na alama ya Wakala wa Vipimo, na kila mwaka ikaguliwe tena. Katikati ya mwaka ipimeni wenyewe: chukueni mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, wa kilo 50, uwekeni juu. Ikisoma 48 au 52, simamisheni kazi. Fanyeni hivyo mbele ya watu, siku ya kupokea nafaka, kila mwaka. Sisi hata wazee wasiojua kusoma wanasogea kuangalia mshale. Kuna mzee mmoja huwa anapanda mwenyewe kwanza. Anasema uzito wake anaujua tangu zahanati.

Tangu mizani ifike, lori halijaacha kuja. Lakini sasa dereva akishusha debe lake watu wanacheka, na biashara inafanyika kwa kilo. Hata wasio wanachama wanakuja kupimia kwetu, tunawatoza shilingi 200 kwa gunia.

Mtaji: mwaka mmoja wa akiba, na hisa ya jasho

Hapa ndipo vikundi vingi vinapofia. Mnajenga ghala, mnapaka chokaa, mnamwalika diwani, kisha Julai inafika hamna hela. Mwenzenu ana mtoto wa kulipia, anawafuata, mnamwambia subiri. Hasubiri. Lori lina noti mkononi.

Kwa hiyo mwaka mzima kabla ya kupokea gunia hata moja, wekeni akiba tu. Sisi tulifuata mtindo wa VICOBA, shilingi 1,000 kwa wiki kwa kila mwanachama. Watu 35 kwa wiki 45 (toa wiki za palizi, watu hawana kitu) ni shilingi 1,575,000. Kwa mtama wa shilingi 500 kwa kilo, hiyo inanunua kilo 3,150. Juu yake kila mwanachama analeta gunia moja kama hisa, halilipwi, ni mtaji wa kikundi. Ongeza: magunia 35 na mengine 31, jumla 66. Hata theluthi mbili ya zile 105 hatukufika. Lakini mwaka ule Februari hakuna mwanachama aliyekwenda kuhemea, na nilijua tumeshika njia.

Asiye na gunia je? Wapo. Kuna vijana wanaolima vibarua kwa watu, kuna mama aliyeachwa na watoto na shamba likabaki kwa mume. Mkiweka kiingilio cha gunia moja bila mlango mwingine, mmejenga klabu ya wenye nacho. Sisi tuliweka hisa ya jasho: siku kumi za kazi ya ghala, kupepeta, kufunga mifuko, kusiliba kuta, kwa kadirio la shilingi 5,000 kwa siku. Siku kumi ni 50,000, sawa na kilo 100 kwa 500. Hesabu inalingana, kwa hiyo mwenye hisa ya jasho ana kura moja kama mwenye hisa ya mtama. Mwanzoni wanaume wawili walinuna. Walipoona magunia 60 yanahitaji watu wa kuyapepeta, wakanyamaza.

Kuandikishwa: nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na muhtasari wa kikao, katiba na majina ya viongozi. Atawaelekeza. Mtaambiwa pia habari ya mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ni kitu kizuri, ila ushauri wangu msiuchukue mkopo mwaka wa kwanza. Kikundi ambacho hakijawahi kugombana na kupatana hakijui kama ni kikundi.

Kupokea nafaka

Siku za kupokea ni mbili kwa wiki, Julai na Agosti, asubuhi. Mkipokea kila siku mtachoka, na uchovu ndio unaoingiza gunia bovu.

Gunia likifika, mimi simwangalii aliyelileta. Nafungua, naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mtama mkavu una ubaridi na unateleza. Mtama mbichi una joto na unashika ngozi. Nachukua punje chache natia kinywani nauma. Mkavu unapasuka kwa mlio, mbichi unabonyea. Kisha kipimo cha chumvi, kwa wale wasioamini meno yangu: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia nafaka mpaka theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, gunia linarudi kwenye turubai. Isipoganda, sisi bado tunaongeza siku moja ya jua, maana chumvi inakamata ule unyevu mkubwa tu, na nafaka ya kukaa miezi sita inatakiwa ishuke hadi asilimia 13 au chini. Afisa ugani akiwa na kipima unyevu, mwazimeni siku hiyo na mpeni chai.

Kuanika ni juu ya turubai, au sakafu ya saruji iliyofagiwa. Msianike kwenye udongo. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu ya mwaka 2016, watu walipokufa hapa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Chemba na Kondoa ni jirani zetu. Sumu ile inatokana na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga zilizopata unyevu, huwezi kuionja, na kupika hakuiondoi. Punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu, yenye ukungu, inachambuliwa na kutolewa. Na ikishatolewa, isiende kwenye pombe, isiende kwa kuku. Najua mazoea yetu, yale ya "hii itafaa kwa pombe". Haifai. Tunaichimbia shimo, na mwenye gunia anakuwepo akiangalia, asije kusema tumeila.

Karanga hatupokei kabisa. Mahindi tunapokea kidogo. Ghala letu ni la mtama na uwele, na sioni haya kusema hivyo ingawa watoto wetu waliosoma mjini wanaona ugali mweupe ndio ugali. Uwele ukikauka wadudu hawausumbui kama mahindi. Mahindi yana dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye ukimwacha miezi minne anakuachia unga wa vumbi na maganda.

Mwiba mmoja

Mwaka wa pili tulinunua ile mifuko isiyopitisha hewa, ya tabaka tatu: mbili za nailoni ndani na moja ya nje ya kawaida. Inafanya kazi kirahisi. Wadudu walioingia na nafaka wanapumua, wanaimaliza hewa iliyomo, wanakufa. Hakuna dawa ya unga ya kuchanganya, na mama anaweza kuchota akapika siku hiyo hiyo.

Februari tukafungua mfuko namba 17. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri, nje hakuna doa. Nilipotia mkono nikahisi joto, kama umemshika mtoto mwenye homa, kisha ule unga laini kwenye vidole. Fukusi wamejaa. Tulimwaga wote, tukakuta kwenye nailoni ya ndani kitundu kisichozidi kichwa cha sindano, na kwenye nailoni ya pili hivyo hivyo, vitundu vimeelekeana. Tukafuata kisa chake nyuma: mfuko ulijazwa nyumbani kwa mwenye mtama, ukaja kwa mkokoteni wa punda, na kwenye mbao za mkokoteni kulikuwa na mwiba wa mgunga uliochomoza. Kilo 100, kwa mwiba mmoja.

Tangu hapo mifuko inajazwa ndani ya ghala, si nyumbani. Nafaka inakuja kwenye viroba vya kawaida, inapimwa, ndipo inamiminwa. Kabla ya kujaza, nailoni inapulizwa kama puto na kukandamizwa karibu na shavu; upepo ukikugusa, umepata tundu. Ikishajazwa, kandamiza nafaka kwa mikono ili hewa itoke, sokota shingo ya nailoni ya kwanza, ikunje, ifunge kwa kamba ya mpira, kisha ya pili, kisha ya nje. Kila nailoni ifungwe peke yake. Halafu usifungue mpaka siku ya kuila au kuiuza; kila ukifungua kuchungulia unawapa fukusi pumzi mpya.

Mifuko ikae juu ya chaga za mbao, isiguse sakafu wala ukuta, pawe na njia ya mtu kupita pande zote. Panya wanapenda pembe ambayo binadamu hafiki. Paka tunaye, anaitwa Mkaguzi.

Bei inapangwa na hesabu

Msipange bei kwa huruma wala kwa hasira ya lori. Chukueni gharama moja moja, mziandike ubaoni mbele ya wote. Nitawapa mfano wa mwaka mmoja, namba zenu zitakuwa zenu.

Tulinunua kilo kwa 500. Mfuko ni 6,000 na unatumika misimu mitatu ukitunzwa, kwa hiyo 2,000 kwa gunia, 20 kwa kilo. Mkokoteni 10. Kupepeta na kufunga 10. Mlinzi 20. Kupungua kwa uzito 15, maana nafaka inaendelea kukauka na mnachambua. Ukarabati na kodi ya chumba 15. Imekuwa 590. Tukaongeza 40 ya kikundi, mwanachama akanunua kwa 630. Asiye mwanachama, 700. Januari ile duka la barabarani lilikuwa linauza 1,000.

Utaona mwanachama aliyeuza Julai kwa 500 ananunua Januari kwa 630. Wapo watakaolalamika: mtama wangu mwenyewe nauziwa ghali! Wapelekeni ubaoni, wasome zile 130 zimekwenda wapi. Na ile 40, nusu tunairudisha mwezi wa nane kwa kila mtu kulingana na kilo alizouza na kununua, nusu inaongeza mtaji.

Swali gumu ni la asiye mwanachama mwenye pikipiki tatu, anayekuja kununua magunia matano kwa 700 aende kuuza mjini kwa 1,000. Tuliwekewa mtego huo mwaka wa tatu. Jibu letu ni kikomo: hakuna nyumba inayonunua zaidi ya debe moja kwa wiki kati ya Januari na Aprili, mwanachama au si mwanachama, hata kama ni mtoto wa dada yangu. Na amewahi kuwa mtoto wa dada yangu kweli.

Mwenye njaa asiye na hela

Mitaani kuna mkopo wa njaa: chukua debe moja Januari, lipa mawili Juni, mahali pengine matatu. Watu wanalima mwaka mzima kulipa ugali walioushamaliza. Ghala likishindwa kuukata mnyororo huu, basi limekuwa duka tu.

Sisi tunakopesha kilo 20, zinarudi kilo 22, kwa mizani ile ile. Mwisho ni kilo 60 kwa nyumba. Mdhamini ni wanachama wawili wa kitongoji kingine, si ndugu. Mvua ikikataa, kikao cha Mei kinatazama mashamba kwa macho, tunatembea kabisa, na deni linasogezwa mwaka mmoja bila nyongeza. Wanaosema watu hawatalipa hawajaishi na majirani zao vizuri. Katika miaka 11 walioshindwa kabisa hawazidi vidole vya mikono yangu miwili, na wawili kati yao walihama.

Kisha kuna wazee wasiojiweza. Tunatenga magunia matatu kila mwaka. Mwaka wa kwanza nilifanya kosa ambalo bado linaniuma: nilisoma majina yao kikaoni, kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Bibi mmoja hakuja. Wiki ya pili hakuja. Nilipomfuata alinikaribisha, akaniwekea kigoda, tukazungumza habari za mbuzi, na habari za mtama hakuzigusa. Siku hizi majina yanajulikana na watu watatu, na mtama unapelekwa jioni na mtoto wa jirani, umefungwa kwenye kanga kama watu wanavyopelekeana chakula siku zote.

Mbegu ni gunia tofauti

Fupi tu: mbegu isilale chumba kimoja na chakula, maana Februari hakuna anayeheshimu maandishi. Mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na katikati ya msimu ina tabia ya kukatika wiki mbili tatu. Mtama unaweza kusinyaa ukasubiri, mahindi hayasubiri. Tunapanda Macia, wa muda mfupi, na kwenye mashamba yenye kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, tunatafuta Hakika au Wahi, zinazokivumilia. Kituo cha utafiti cha Hombolo kiko hapa hapa Dodoma, nendeni mkaulize. Heka moja ya mtama inataka kama kilo 4, uwele kama 2. Mwanachama anakopa mbegu Novemba na kurudisha mara mbili Julai. Huu ndio mkopo pekee wa mara mbili tunaouruhusu, kwa kuwa kilo 4 zikizaa zinazaa kweli.

Funguo tatu na ukuta

Mlango una kufuli tatu. Mtunza ghala ana ufunguo mmoja, mweka hazina mmoja, na wa tatu uko kwa mwanachama asiye kiongozi, anayebadilishwa kila mwaka. Hakuna ndugu wawili. Kuna mwaka ufunguo wa tatu ulikuwa kwa mama mmoja asiyejua kusoma. Alikuwa na mfuko wa kokoto: gunia likiingia anatia kokoto, likitoka anatoa. Mwaka huo daftari langu lilisema 58, kokoto zikasema 57. Tulihesabu mpaka giza. Kokoto zilikuwa sawa; mimi nilikuwa nimeandika gunia moja mara mbili siku ya msiba.

Daftari liwe na tarehe, jina, kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, salio, na dole gumba. Jumla inaandikwa ukutani kwa nje kila Jumamosi, kwa kilo, kwa tarakimu kubwa. Mgeni akipita barabarani anaisoma, mtendaji anaisoma, mwizi naye anaisoma, ndiyo, lakini mwizi wa nje hajatusumbua kama minong'ono ya ndani ingetusumbua.

Aprili inapokwisha

Mwisho wa Aprili mtama shambani umeshabeba, watoto wako kwenye vichanja wakifukuza kwelea kwelea, na sasa unajua kama utavuna. Mvua ikiwa nzuri, nafaka iliyobaki iuzwe kabla mpya haijashusha bei. Shule ya msingi tunaiuzia kwanza, kwa ajili ya uji, kwa bei ya mwanachama. Inayozidi tunapeleka Majengo au Sabasaba mjini, kwa wenye mashine za kusaga, na kabla ya kupakia tunapiga simu Kibaigwa kwa mtu anayeshinda sokoni, atuambie bei ya siku. Mkiwa na tani nyingi na zilizochambuliwa vizuri, ulizeni pia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kama wananunua msimu huo. Mvua ikiwa mbaya, hakuna kinachotoka. Uamuzi huo si wa kamati, ni wa mkutano wa wote, na kura zinahesabiwa kwa punje: nyeupe uza, nyekundu kaa nazo.

Kisha ghala linatolewa kila kitu. Chaga zinaanikwa juani siku mbili, mifuko inageuzwa ndani nje na kukaguliwa kwa ile njia ya puto, nyufa za ukuta zinazibwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na paa linaangaliwa mchana mlango ukiwa umefungwa, mwanga ukipenya unauona. Fagieni kuanzia juu kushuka chini. Ufagio uwe mpya. Wa mwaka jana una mayai ya fukusi katikati ya njiti zake, uchomeni pamoja na vumbi, mbali na ghala, upande ambao upepo hauelekei mlangoni.